Mtoto Aangukaye Motoni na Majini: Uhakiki wa Mahubiri Yetu juu ya Kifafa

Mahubiri ninayokusudia kuyahakiki katika makala haya si ya mtu mmoja. Nimeyasikia katika sharika nyingi za mteremko wa Kilimanjaro, nimeyasahihisha katika daftari za wanafunzi wa homiletiki, na mimi mwenyewe nimeyahubiri. Fungu lake ni Marko 9:14-29, habari za baba aliyemleta mwanawe kwa wanafunzi nao wasiweze kumponya. Wengine hulitwaa katika Mathayo 17 au Luka 9. Mpango wake haubadiliki sana. Kwanza, mtoto amepagawa. Pili, wanafunzi wameshindwa kwa sababu ya uhaba wa imani. Tatu, Bwana amemkemea pepo, naye ametoka. Nne, wewe nawe leo, ukifunga na kuomba, utashinda. Kwa jinsi ya ufundi ni mahubiri rahisi kutayarisha: yana mwanzo, yana kilele, na kwaya inajua mahali pa kuingilia. Ndiyo maana mwanafunzi ambaye juma zima hakufungua kitabu huyakimbilia Jumamosi usiku.

Nayahakiki kwa kuwa yana wasikilizaji ambao mhubiri hawahesabu, yaani watoto wa shule waketio katika mabenchi ya mbele, ambao siku ya Jumatatu hurudi darasani pamoja na mwenzao aangukaye.

Miaka kadhaa iliyopita niliyahubiri katika kanisa dogo lililo jirani na Holili, mahali ambapo barabara itokayo Moshi kwa njia ya Himo inaufikia mpaka wa Kenya, na ng'ambo yake ni Taveta. Ni nchi ya chini, yenye joto na vumbi, tofauti na migombani huko juu. Watu wake ni mchanganyiko, wengine wameoa ng'ambo, wengine huvuka kwa ajili ya soko. Nilihubiri kwa nguvu. Wiki hiyohiyo nilikuwa na kipindi cha dini katika shule moja ya msingi. Katika darasa la tano niliona dawati moja lina mtoto mmoja, ilhali mengine yote yana watoto watatu watatu. Nikauliza sababu. Mvulana mmoja akasimama kwa adabu, akaniambia, "Huyu ndiye wa Jumapili, Mchungaji. Ana pepo bubu." Hakusema kwa dhihaka. Alikuwa akinionyesha kwamba amelishika somo.

Msichana yule hakuwa bubu. Mwalimu wake alinieleza baadaye kwamba ni msomaji hodari kuliko wengi, na kwamba amekuwa akianguka tangu alipokuwa darasa la pili. Safari moja alianguka karibu na mafiga ya kupikia uji wa shule. Wenzake walirudi nyuma kwa kuliogopa povu la kinywani mwake, wakapiga kelele, wala hapakuwa na aliyemgusa. Mpishi alikuwa amekwenda kuteka maji. Aliporudi na kumvuta, mkono wa kushoto ulikwisha kuungua hadi kiwiko. Hayo yalitokea kabla ya mahubiri yangu, wala siwezi kujishitaki kwa ajili ya moto ule. Lakini jina lile la pepo bubu walilipata kwangu.

Hofu ya povu si ya Holili peke yake. Katika nchi yetu kifafa kilianza kuchunguzwa kwa makini huko Mahenge, Wilaya ya Ulanga, ambako daktari mwenye asili ya Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki kwa ajili ya wenye kifafa karibu na wakati wa Uhuru, akaandika mengi juu ya jinsi walivyotengwa na jamaa zao. Baada yake Dk. H. T. Rwiza na wenzake waliwahoji wakuu wa kaya 3,256 katika wilaya hiyohiyo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1993. Katika kila watu 100, watu 40 na zaidi waliamini kwamba kifafa huambukiza, kwa njia kama pumzi na vitu vitokavyo mwilini. Theluthi moja hivi walisema kwamba wakimwona mtu ameanguka wangekaa mbali naye. Na asilimia 62.7 walisema wasingemruhusu mtoto mwenye kifafa kwenda shule; wengi wao kwa kuogopa kwamba ataanguka akiwa peke yake, wengine kwa kudhani kwamba akili yake ni pungufu, na wengine kwa kuhofu kwamba atawaambukiza wenzake.

Msomaji ataniambia kwamba Ulanga si Kilimanjaro, na kwamba miaka mingi imepita. Ni kweli. Lakini nimeweka takwimu hizi mbele ya wazee wa kanisa katika semina, nikawauliza kama wanawatambua majirani zao ndani yake, na hakuna aliyeniambia kwamba ni habari za watu wa mbali. Wala jambo lenyewe halikukosa kuchunguzwa kwetu. Katika Wilaya ya Hai, upande wa pili wa mlima huuhuu, watafiti walihesabu watoto wenye kifafa na kuchapisha mwaka 2012 kwamba maradhi hayo yana uhusiano na matatizo ya wakati wa kuzaliwa. Na katika hospitali yetu ya Kilutheri ya Haydom watu wa vijijini wameulizwa wanatumaini nini juu ya dawa za asili na juu ya maombezi ya Kikristo katika kutibu kifafa. Jambo hili la mwisho lingepaswa kutushtua kidogo. Daktari anayetafuta sababu za mgonjwa kutokufika kliniki ameona kwamba ni lazima atuhesabu na sisi wachungaji.

Kwa ajili ya wanafunzi nitataja kwa kifupi yale ambayo tiba inayajua. Kifafa ni maradhi ya ubongo. Huweza kuletwa na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na malaria iliyopanda kichwani, na jeraha la kichwa, na hata na mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia tumboni kwa njia ya mikono na chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mtu, kisha funza wake wakaingia ubongoni. Hivyo choo na maji ya kunawa vina sehemu yake katika habari hii, na si ile nyama ya kitimoto peke yake. Kwa wagonjwa wapatao nusu sababu haijulikani. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu milioni 50 hivi duniani wanaishi na kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kupewa dawa ifaayo. Mojawapo ya dawa hizo, fenobabitali, imetumika tangu mwaka 1912, nayo ni ya bei nafuu. Inatakiwa kumezwa kila siku, na haifai kuikatiza ghafula.

Sasa na tulirudie fungu lenyewe, maana mahubiri haya yanasimama au kuanguka kwa fungu lake.

Biblia ya Union ya mwaka 1952, ambayo ndiyo isomwayo katika madhabahu zetu nyingi, inatumia neno kifafa mara mbili katika Injili ya Mathayo: katika 4:24 na katika 17:15. Katika mahali pote pawili Kiyunani kina kitenzi seleniazomai, ambacho hakipatikani penginepo katika Agano Jipya. Asili yake ni selene, yaani mwezi. Watu wa kale waliamini kwamba wenye kuanguka hupatwa kwa nguvu za mwezi. Mathayo basi hatumii jina la kitabibu kama tulivyo nalo leo; anatumia neno la watu wa wakati wake, kama vile mama wa Kiswahili asemavyo kwamba mtoto ana degedege bila kukusudia kutoa fundisho juu ya ndege.

Siwalaumu watafsiri. Dalili ni zilezile, na neno kifafa lilikuwapo tayari vinywani mwa watu. Lakini tuone kilichotokea. Katika 17:15 msikilizaji wetu anasikia kifafa, na mistari mitatu baadaye anasikia pepo akitoka. Kwake jambo limekwisha: kifafa ni pepo. Neno la Kiyunani lenye ukungu limekuwa katika Kiswahili jina kamili la ugonjwa wa mtoto wa jirani. Kama ningeulizwa, ningeacha neno lilivyo, ila ningeweka maelezo chini ya ukurasa.

Walakini Mathayo huyohuyo ametupa dawa ya kosa hili, nasi tumelipita kwa kuwa 4:24 ni muhtasari tu na hakuna ahubiriye muhtasari. Pale anaorodhesha walioletwa kwa Yesu, naye anawataja wenye pepo, kisha wenye kifafa, kisha wenye kupooza, kama watu wa namna tatu. Mwinjilisti aliyeandika kwamba pepo alimtoka kijana wa sura ya 17 ndiye aliyejua, katika sura ya 4, kwamba wenye kuanguka na wenye pepo si kundi moja. Mwanafunzi akiniandikia kwamba kila mwenye kifafa amepagawa, humwekea alama nyekundu kwa kutomsoma Mathayo, hata kabla sijafika kwenye mambo ya tiba.

Kwa upande wa Marko, yeye hasemi mwezi wala hataji ugonjwa. Anasema pepo bubu na kiziwi. Hapa sitaki kuwadanganya wasomaji wangu kwa kulifanya fungu liseme lisilosema. Marko anasimulia kukemewa kwa pepo. Wako wenye kusema kwamba alieleza ugonjwa kwa lugha ya wakati wake, na wako wenye kushika kwamba kijana yule alikuwa na mambo mawili pamoja. Mimi naelekea kwa wale wa kwanza, lakini sijengi hoja yangu juu ya jambo hilo. Najenga juu ya hili: Marko anasimulia habari za kijana mmoja, ambaye Bwana mwenyewe alimtazama na kumtambua. Hatupi sisi kipimo cha kumpima msichana wa darasa la tano. Na atakaye kulitumia fungu kama kipimo, basi na alitumie lote. Aonyeshe ububu na uziwi, vitu ambavyo mtoto yule msomaji hodari hakuwa navyo.

Ndugu zangu wengine katika huduma hunijibu kwamba kusema hivi ni kuikana nguvu ya Bwana juu ya mapepo. Swali hili ni la zamani kuliko kanisa letu. Kiasi cha miaka 400 kabla ya Kristo, mmoja wa matabibu wa shule ya Hippokrate aliandika kitabu kukanusha kwamba maradhi haya yana utakatifu wo wote kuliko maradhi mengine. Katika karne ya tatu baada ya Kristo, Origene alipolieleza fungu letu katika Mathayo aliwajua matabibu hao na sababu zao za kimaumbile, akawakataa, akashika kwamba ni pepo mchafu. Origene alikuwa mwalimu mkubwa, nami namheshimu. Hata hivyo kanisa limelipa gharama kwa sentensi ile. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 bado ziliwataja wenye kifafa, wenye wazimu na waliopagawa na pepo katika kifungu kimoja, kuwa watu wasiofaa kupewa daraja takatifu. Sheria mpya za mwaka 1983 hazikukitaja tena kifafa mahali hapo. Sisi Walutheri hatukuwa na kifungu kama hicho kwa maandishi. Tulicho nacho ni mahubiri.

Naja sasa kwenye sehemu ya nne ya mpango, ile ya kufunga na kuomba, maana ndiyo inayodhuru mwili. Katika Marko 9:29 maneno ya kufunga hayamo katika maandiko ya kale yaliyo bora, Sinaitiko kwa mkono wake wa kwanza na Vatikano. Yameongezwa baadaye katika nakala nyingi. Na mstari wote wa Mathayo 17:21 haumo katika mashahidi hao. Wanafunzi huona uhakiki wa maandiko kuwa somo kavu, la kukariri majina ya ngozi zilizoandikwa. Basi na wasikilize. Mtoto mwenye kifafa analetwa kwenye mkesha. Anaambiwa afunge, na kwa kuwa kidonge amezoea kukimeza baada ya chakula, kinaachwa. Anakesha usiku kucha kwa nyimbo. Sasa kukosa usingizi na kuacha vidonge ni miongoni mwa mambo yanayojulikana sana kuwa huleta kuanguka. Alfajiri mtoto anaanguka, mara moja na mara ya pili, na sisi tunasema kwamba pepo anashindana. Tumemwangusha sisi, kisha tumemsingizia shetani kazi yetu. Tena tumefanya hivyo kwa neno ambalo mwinjilisti labda hakuliandika.

Sikatazi maombi. Nimemwekea mikono msichana yule, kwa idhini ya mama yake, mchana, saa ambayo hakosi usingizi, na kidonge kikiwa kimekwisha kumezwa. Luther, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, aliandika kwamba Mkristo anaomba na pia anatumia dawa, na kwamba kuzidharau dawa ni kumjaribu Mungu. Katika jambo hili sina la kumwongezea.

Lakini kosa kubwa la mahubiri haya, kwa maoni yangu, si lile yanalolisema bali lile yanaloliruka. Wahubiri wote niliowasoma hufika kilele katika mstari wa 25, pepo anapokemewa. Marko haishii hapo. Anaeleza kwamba kijana alilala kama maiti, na wengi wakasema kwamba amekufa. Jina letu la Kiswahili, ambalo wataalamu hulihusisha na kitenzi kufa, limesimama upande wa wengi hao. Kisha katika mstari wa 27 Yesu anamshika mkono na kumwinua, na vitenzi vilivyotumika ni vile ambavyo wainjilisti huvitumia kwa ufufuo. Mtoto aliyetoka kutokwa na povu, aliyegaagaa katika udongo mbele ya umati unaomkimbilia ili kutazama, anashikwa mkono. Luka anaongeza kwamba alimrudisha kwa baba yake.

Na kabla ya hapo, mstari wa 21, Yesu anamwuliza baba swali ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa: ni tangu lini? Ni swali la muuguzi akiwa na kadi mkononi. Baba anajibu kwamba ni tangu utoto, na kwamba mara nyingi amemtupa motoni na majini. Mhubiri hulifanya jibu hili kuwa picha ya hila za shetani. Mama wa Holili halisikii kama picha. Moto ni mafiga yake, na maji ni mfereji upitao kando ya shamba lake. Baba huyu wa Marko anaeleza hatari ileile ambayo hata leo huwaunguza watoto wenye kifafa, na watoto hawa huungua vibaya zaidi pale ambapo watu waliosimama karibu wanaliogopa povu. Mtoto mwenzake akijua kwamba povu ni mate tu, na kwamba Bwana alimshika mkono mtu wa namna hii, atamvuta motoni. Asipojua, atapiga kelele. Hapo ndipo fungu linapogusa mwili wa mtoto, nasi tumelipita tukikimbilia mikesha.

Haki yadai niwahakiki na wenzetu wa afya. Mafundisho ya kifafa niliyoyasikia yakitolewa shuleni, mara nyingi karibu na Jumatatu ya pili ya Februari, ambayo tangu mwaka 2015 ni Siku ya Kifafa Duniani, yana ukweli wote lakini yamejengwa kwa kukanusha: kifafa hakiambukizi, kifafa si uchawi, kifafa si mapepo. Watoto huitikia kwa pamoja, mwalimu hupiga makofi, na gari huondoka. Mtoto wa miaka kumi na mmoja amebaki na neno la mgeni wa siku moja dhidi ya neno la mchungaji wa kila Jumapili, aliyelisoma katika kitabu kitakatifu. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kuyashika yote mawili. Naye kwa hekima yake huamua kwamba yule wa Jumatatu ndiye asiyeijua Biblia. Muuguzi hawezi kuifungua Marko 9 mbele ya darasa; hajatumwa kwa kazi hiyo, na wazazi wengine wangemlalamikia. Sisi tumetumwa. Tuna kipindi cha dini katika ratiba ya shule, tuna Shule ya Jumapili, tuna darasa la kipaimara. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto, lakini sheria haiketi katika dawati.

Tena sisi Walutheri wa nchi hii tuna deni la pekee, na sijui kwa nini halifundishwi. Misheni ya Bethel, iliyopeleka Injili Usambara na baadaye Buhaya, ilichukua jina lake kutoka Bethel karibu na Bielefeld, Ujerumani. Mahali hapo palianzishwa mwaka 1867 kuwa makao ya watu wenye kifafa, na kuanzia mwaka 1872 Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alipaongoza, akawapa kazi, shule na kanisa. Wamisheni wa jamii hiyohiyo ndio walioanzisha Lutindi katika milima ya Usambara mwaka 1896, kwanza kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Bethel pia ina sura ya aibu: chini ya sheria ya Ujerumani ya mwaka 1933, iliyokitaja kifafa cha kurithi, wagonjwa wengi wa huko walihasiwa au kufungwa uzazi. Nakumbusha yote mawili. Kilimanjaro kwetu tulipata Injili kwa mikono ya Leipzig, lakini leo ni kanisa moja, na sehemu yake kubwa imezaliwa na nyumba ambayo ilijengwa kwa ajili ya watu waangukao. Kwamba katika kanisa kama hilo mtoto wa namna hiyo aitwe pepo bubu, na jina hilo litoke mimbarani, ni jambo ambalo mwanahistoria atalishangaa.

Katika kusahihisha kwangu nimeanza kudai mambo machache. Mwanafunzi achaguaye fungu hili ataje wainjilisti wote watatu na tofauti zao. Asitaje kufunga bila kueleza habari za maandiko ya kale. Afike mstari wa 27 kabla ya kusema Amina. Na aniandikie, katika nusu ukurasa wa mwisho, atawaambia nini watoto wa mabenchi ya mbele wafanye mwenzao akianguka: waondoe vitu vya hatari, wamlaze kwa ubavu, wamwekee kitu laini chini ya kichwa, wasimtie kijiko wala cho chote kinywani, wasimkandamize, wakae naye mpaka azinduke, na ikipita dakika tano hajatulia, mtu mzima aitwe na apelekwe hospitali. Mwanafunzi mmoja alinilalamikia kwamba nusu ukurasa huo si homiletiki. Nilimpa alama zake zote za Kiyunani, nikamnyima hizo.

Muhula uliofuata nilirudi katika darasa lile karibu na Holili. Nilikuwa nimekwenda kwanza kwa mama wa msichana kuomba ruhusa, naye alikubali kwa sharti kwamba nisimtaje binti yake kwa jina. Nilisoma Marko 9 yote, polepole, nikawaambia kwamba siku ile ya Jumapili niliwafundisha vibaya. Kisha mvulana yule wa pepo bubu akajitolea kulala sakafuni, na wenzake wakamgeuza kwa ubavu, wakamwekea sweta chini ya kichwa. Walicheka sana, nikawaacha wacheke. Alipoinuka akijipangusa aliniuliza, "Mchungaji, Yesu alipomshika mkono, alinawa?"

Nikamwambia kwamba Marko hakuandika habari za kunawa.

Akafikiri kidogo, akasema kwamba yeye angenawa, kwa kuwa sakafu ina vumbi. Nikampa ruhusa aende bombani. Dawati la msichana yule siku hiyo lilikuwa na watoto wawili. Mengine yote yalikuwa bado na watatu.